"SI" ILIYOPOTEA: JINSI YA KUTUNZA SAUTI KATIKA SIMU ZA OFISINI ZISIZO NA WAYA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Kila mwaka katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na ushairi, na mwaka huu pia yamo. Lakini leo nakuomba tuandamane kidogo hadi ofisini, pale penye simu. Najua utauliza, "Kwani simu ina uhusiano gani na Kiswahili?" Ngoja kwanza. Utaona jinsi silabi moja tu ya lugha yetu ilivyomtoa mama yangu kitandani na kumtia barabarani usiku wa manane.

YALIYOMPATA MAMA

Kabla ya kuhamia hapa nilisoma katika shule nyingine ya bweni ambayo sitaitaja jina. Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Siku moja jioni malaria ilinibana kwelikweli. Muuguzi alinipima, akanipa dawa, na baada ya saa chache homa ikaanza kushuka. Mwalimu wa zamu akaona ni vyema mzazi ajulishwe. Akachukua simu ya ofisini, ile isiyo na waya, akampigia mama huku akitembea kutoka ofisini kuelekea chumba cha wagonjwa.

Mama yuko huku kwetu Kisegi, kati ya ziwa na vilima vya Gwassi, na simu yake ni kabambe. Mwalimu hakujua Kijaluo, na Kiswahili cha mama ni kile cha kuuzia omena sokoni. Mwalimu alisema hivi: "Mama, mtoto ana malaria. Hali yake si mbaya. Usije usiku huu."

Mama alisikia hivi: "Mama, mtoto ana malaria. Hali yake ... mbaya. U...je usiku huu." Kisha kimya. Simu ilikuwa imekatika.

Mama akapiga tena mara tatu, simu haikupatikana. Sasa afanyeje? Alimwamsha jirani mwenye pikipiki, wakaondoka na mvua ikinyesha. Alifika langoni saa nane za usiku, ameloa chapachapa, leso imemganda mwilini. Akanikuta nimelala fofofo. Aliniangalia, akaketi sakafuni, akacheka, halafu akalia. Pesa alizomlipa mwenye pikipiki zilikuwa mtaji wake wa wiki nzima.

Hebu tujiulize, ni nani aliyekosea hapo? Mwalimu alisema ukweli, na kwa Kiswahili sanifu. Mama naye alitii kile kilichomfikia. Aliyetoroka ni "si", tena mara mbili.

Baada ya wiki chache alikuja fundi kuitazama ile mitambo. Mimi nilijitolea kumbebea ngazi ili nipate nafasi ya kumwuliza maswali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. (Ukiiondoa hiyo "si", methali nzima inageuka tusi!) Mengi ya haya ninayokueleza nilianza kuyasikia kwake, kisha nikaendelea kusoma mwenyewe.

SAUTI HUSAFIRIJE?

Tuanze na simu ya zamani. Mwaka wa 1876 Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu nchini Marekani. Katika simu ya aina hiyo sauti hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka ndani ya waya, sawa na vile sauti yenyewe inavyopanda na kushuka. Waya huo huwa ni wa watu wawili tu mpaka wamalize mazungumzo yao. Hapa Kenya waya hizo zilikuwa chini ya shirika moja la serikali la posta na simu, ambalo liligawanywa mwaka wa 1999. Mwaka uliofuata, yaani 2000, kampuni za Safaricom na KenCell zikaanza kushindania wateja wa simu za mkononi, na mambo yakabadilika.

Siku hizi ofisi nyingi hazitaki tena kuchimba mitaro na kupitisha waya wa simu. Zina mtandao wa Wi-Fi kwa ajili ya kompyuta, basi na simu hupitishwa humo humo. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea na simu ya ofisi mkononi kutoka kwa karani hadi stoo akizungumza. Ni jambo zuri na linapunguza gharama, ila lina masharti yake.

Simu ya namna hii haitumi sauti yenyewe bali hutuma hesabu. Kila sekunde hupima sauti yako mara 8,000, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha, utapata biti 64,000 kwa sekunde moja. Kanuni hii ya kugeuza sauti kuwa tarakimu ilipitishwa kimataifa mwaka wa 1972, nayo ingali inatumika. Watu wa kazi huita kanuni za aina hii kodeki.

Baada ya hapo mkondo huo wa tarakimu hukatwakatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20 kila kimoja. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kila kipande hutiwa katika pakiti iliyoandikwa anwani, mfano wa barua ndani ya bahasha, na kupelekwa peke yake. Kwa hivyo ukizungumza sekunde moja umetuma barua 50. Ukizungumza dakika moja umetuma barua 3,000! Naye wa upande wa pili anakutumia zake 3,000. Kazi ya mtandao ni kuzifikisha zote, kwa mpangilio, na kwa wakati.

MAADUI WATATU WA SAUTI

Adui wa kwanza ni kuchelewa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hushauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni kwa msemaji hadi sikioni kwa msikilizaji. Ikipita 400 mazungumzo yanaharibika. Wazee wetu waliopiga simu za ng'ambo wanalijua sana jambo hili. Tangu mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na kituo cha setilaiti kule Longonot. Setilaiti za aina ile hukaa angani karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Piga hesabu: karibu robo sekunde kwenda tu, na jibu likirudi nusu sekunde imekwisha. Ndipo utakuta watu wawili wote wanasema "Haloo? Haloo?" kwa pamoja, halafu wote wananyamaza kwa pamoja. Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, nazo zikaipunguza sana shida hiyo.

Lakini usidhani kuchelewa ni kwa ng'ambo tu, la hasha. Kunaweza kuanzia mezani pako. Chukua ofisi yenye intaneti ya kupandisha biti milioni moja kwa sekunde. Mtu mmoja anapandisha video. Pakiti kubwa ya video ina baiti 1,500, yaani biti 12,000, na huchukua milisekunde 12 kupita. Kama pakiti 50 za namna hiyo zimejipanga ndani ya ruta na pakiti yako ya sauti imekuja nyuma yake, itangoja milisekunde 600. Hapo hata hujatoka nje ya lango la shule! Ni kama kwenda kwenye kinu cha posho na kikombe kimoja cha mahindi, ukakuta watu wenye magunia wamekutangulia.

Adui wa pili ni kuyumbayumba. Hapa pakiti zinafika, ila nyingine zinawahi na nyingine zinajikokota. Fikiria mashua za omena zinazorudi alfajiri. Hakuna mbili zinazofika pamoja, lakini lori la mnunuzi likishajaa samaki wa kutosha linaondoka. Mnunuzi hufanya nini? Anangoja kidogo ufukoni. Simu nayo hufanya vivyo hivyo. Ina ghala dogo la kuwekea pakiti kwa muda ili izitoe kwa mwendo ulio sawa. Akingoja sana, tunarudi kwa adui wa kwanza, kuchelewa. Akingoja kidogo mno, mashua zilizochelewa zinaachwa, na samaki wake ni hasara. Kwa kawaida mafundi hutaka kuyumba huku kusizidi milisekunde 30.

Adui wa tatu, na ndiye aliyemwadhibu mama, ni kupotea. Pakiti ya sauti ikipotea hairudishwi kama barua ya benki. Kuirudisha ni kazi bure, maana neno lenyewe limeshapita. Mafundi wengi husema upotevu usifike asilimia moja. Hapo ndipo nilipomwuliza yule fundi, "Mbona mitambo ilionyesha asilimia moja tu siku ile?" Akacheka, akasema, "Kijana, hiyo asilimia moja imekaaje?"

Sikuelewa mpaka nilipopiga hesabu. Asilimia moja ya pakiti 3,000 ni pakiti 30 kwa dakika. Zikipotea moja moja, hapa moja na pale nyingine, kila pengo ni milisekunde 20. Simu hulijaza kwa kurudia sauti iliyotangulia, na sikio halishuku lolote. Lakini hizo 30 zikipotea kwa mfululizo, pengo ni milisekunde 600. Silabi moja ya Kiswahili katika mazungumzo ya kawaida huchukua kama milisekunde 150 hadi 200. Kwa hivyo umepoteza silabi tatu au nne, yaani "usije" yote. Na ili kuipoteza "si" peke yake, pakiti 8 au 10 zinatosha. Basi wastani unaweza kumpumbaza mtu. Ripoti inasema mambo ni shwari, na huku mama wa mtu yuko njiani na mvua inanyesha.

HEWA NI MOJA, WASEMAJI NI WENGI

Kwa nini Wi-Fi hupoteza pakiti kuliko waya? Jibu ni kwamba hewa ni ya wote. Katika chaneli moja ya Wi-Fi ni kifaa kimoja tu kinachoweza kusema kwa wakati mmoja. Wawili wakisema pamoja, maneno yao yanagongana na kuharibika, kisha kila mmoja hungoja kidogo na kujaribu tena. Mtindo huu wa kungojeana hewani una historia. Mwaka wa 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha mtandao ulioitwa ALOHAnet wa kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Ni kana kwamba sisi tungetaka kuunganisha Rusinga, Mfangano na bara bila ya kutandika waya ziwani. Waligundua mapema kwamba watumiaji wakizidi, migongano huzidi pia. Wi-Fi, ambayo kanuni yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1997, ilirithi mengi kutoka kwa wazo hilo.

Aidha, masafa ya gigahezi 2.4 ambayo vifaa vingi hutumia yamejaa kama matatu ya jioni. Jiko la maikrowevu hutoa mawimbi yake papo hapo. Bluetooth imo humo humo. Na ingawa chaneli ni nyingi kwa jina, zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Isitoshe, majengo yetu yana visa vyake. Bati hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kinavyorudisha mwanga. Hivyo kisambazi kilichofungwa juu ya dari karibu na mabati kinaweza kusikika vizuri chumba hiki na kupotea kabisa chumba cha pili chenye paa jingine. (Kisambazi ni kile kisanduku chenye taa ndogo kinachotundikwa ukutani au darini.) Tangi la maji, kabati la chuma, na hata miili yetu yenye maji tele hupunguza nguvu ya mawimbi. Ukumbi mtupu na ukumbi wenye wanafunzi mia nne si ukumbi mmoja machoni pa Wi-Fi.

Siku ile ya malaria mambo yalikuwa hivi. Mwalimu alitoka ofisini akiwa kwenye kisambazi cha kwanza. Alipopita nyuma ya stoo ya mabati nguvu ikaanguka, lakini simu ikang'ang'ania kisambazi kile kile badala ya kuhamia cha pili. Wakati huo huo watu wa chumba cha kompyuta walikuwa wakipakua video. Pakiti zikaanza kumwagika. Mwisho simu ikakatika, na Mwalimu akadhani mama amekata kwa kuwa ameshaelewa.

TIBA YAKE

Sasa tuone yanayoweza kufanywa. Mengi hayataki pesa nyingi, yanataka mtu mwenye kujali.

Kwanza, pima kabla ya kufunga, na upime kwa simu yenyewe. Tembea nayo mahali pote watu watakapozungumzia, milango ikiwa imefungwa, na saa ambazo watu ni wengi. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli zilizo chini ya sifuri. Kwa sauti, wengi hulenga hasi 67 au karibu zaidi na sifuri. Hasi 80 inaweza kukufungulia ukurasa wa intaneti polepole, lakini itakukatia mazungumzo.

Pili, visambazi vilivyo jirani vipewe chaneli tofauti, yaani 1, 6 na 11 kwa zamu. Penye uwezo, simu zihamishiwe masafa ya gigahezi 5 ambako kuna nafasi zaidi. Masafa hayo hayapenyi kuta vizuri, kwa hivyo visambazi viwe karibu karibu.

Tatu, usidhani kuongeza nguvu ya kisambazi ndiyo dawa. Kumbuka gwaride la asubuhi. Mwalimu mkuu ana kipaza sauti, anasikika hadi ng'ambo ya uwanja, lakini wewe uliye nyuma ukijibu yeye hakusikii. Simu ya mkononi ina redio dhaifu. Kisambazi kikipiga kelele kuliko uwezo wake wa kusikia, utasikia mwenzio barabara na yeye hakusikii hata kidogo.

Nne, ipe sauti kipaumbele. Hospitalini mtu anayetoka damu hapangi foleni na mwenye mafua. Tangu mwaka wa 2005 kanuni za Wi-Fi zina foleni nne: ya sauti, ya video, ya kazi za kawaida na ya kazi zisizo na haraka. Mwenye sauti hungoja muda mfupi zaidi kabla ya kuruhusiwa kusema. Lakini angalia, ni lazima simu iziwekee pakiti zake alama ya sauti, kisambazi kiiheshimu alama hiyo, na ruta nayo iiheshimu. Mmoja wao akikataa, alama ni pambo tu.

Tano, usijaze barabara. Simu moja ya kodeki ile ya biti 64,000, ukiongeza na anwani za bahasha zake, hula karibu biti 80,000 kwa sekunde kila upande. Wekea video na upakuaji mpaka wake ndani ya ruta, ili foleni isijae hata saa za pilikapilika. Vilevile vifaa vya kale vyenye mwendo wa kobe viondolewe au vitengwe. Kifaa cha polepole kikipata zamu ya kusema hushikilia hewa muda mrefu, na wenye kasi wote wanakodoa macho.

Sita, rahisisha uhamaji. Eneo la kisambazi kimoja lipishane na la mwenzake, ili simu ione kipya kabla ya kupoteza cha zamani. Kuna mbinu za kuhama haraka bila ya kuanza upya taratibu zote za nywila, nazo zimekuwa katika kanuni za Wi-Fi tangu mwaka wa 2008. Simu nyingi za ofisini zinazijua. Mara nyingi hakuna aliyeziwasha tu.

Saba, usisahau umeme. Ukikatika, simu ya mkononi ina betri yake, lakini kisambazi na ruta zikizima simu hiyo ni kipande cha plastiki. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya vyombo hivyo viwili ni ya maana kuliko simu ya tatu.

Mbali na hayo, si lazima kila ofisi itumie Wi-Fi kwa sauti. Kuna simu zisizo na waya za mtindo wa DECT, uliosanifiwa Ulaya mwaka wa 1992. Hizi zina masafa yao yaliyotengwa, na kila mazungumzo hupewa zamu yake maalumu hewani, hakuna kugombania. Ofisi ndogo yenye watu wachache wanaopiga simu sana inaweza kuona hizo zinawafaa zaidi. Chombo hufuata kazi.

NA SISI WASEMAJI JE?

Hapa sasa ndipo Kiswahili kinapoingia, ndugu msomaji. Hata mtandao ukiwa mzima, simu ya kawaida hupitisha sauti za masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu. Sauti ya "s" nguvu zake nyingi ziko juu ya hapo. Ndiyo sababu "s" na "f" hufanana simuni. Mtu akikuambia, "Tuko sisi mlangoni," unaweza kusikia, "Tuko fisi mlangoni," ukajifungia ndani! Kodeki mpya husaidia. Ile ya mwaka wa 1988 iitwayo G.722 hufika hezi 7,000, na Opus ya mwaka wa 2012 hufika mbali zaidi. Ila sauti hiyo pana hufika tu iwapo njia nzima na simu zote mbili zinaikubali. Kabambe ya mama haikuwa na habari hizo.

Tena lugha yetu huweka ukanushi wake katika vipande vidogo sana. Waingereza wana neno zima la kukanusha. Sisi tuna "si" katikati ya "usije", na "h" nyembamba mbele ya "atakuja". Sema "hatakuja" katika simu mbovu, mwenzio atasikia "atakuja" na kuanza kupika. Sema "hana pesa," atasikia "ana pesa," na hapo undugu umekwisha. Kipande kidogo kabisa cha neno ndicho kinachobeba mzigo mzito kabisa wa maana.

Kwa hivyo nashauri mambo manne kwa yeyote anayepiga simu ya maana, awe karani, mwalimu au mwanafunzi:

Usitegemee silabi moja. Badala ya "Usije usiku huu," sema, "Kaa nyumbani. Lala. Njoo kesho asubuhi." Hapo hata nusu ya maneno ikipotea, nusu iliyobaki haitampeleka mtu barabarani.

Sema jambo mara mbili kwa njia mbili. "Hali yake si mbaya. Anaendelea vizuri, amepata dawa, amelala."

Mwombe msikilizaji arudie. "Mama, hebu niambie umesikiaje?" Marubani na waongozaji ndege hurudiana maagizo kila siku, na hakuna anayewaona wajinga.

Simama mahali pamoja mpaka umalize. Kutembea na simu ni raha, lakini habari ya ugonjwa haistahili kupita nyuma ya stoo ya mabati.

Na Chama chetu pia kina la kufanya. ITU hupima ubora wa sauti kwa kuwasikilizisha watu na kuwauliza watoe alama kutoka 1 hadi 5. Nasi tunaweza kuandaa jaribio letu la Kiswahili. Tuandike sentensi ishirini zenye jozi kama "atakuja" na "hatakuja", "ana" na "hana", "uje" na "usije", "sisi" na "fisi". Mmoja azisome kwa simu ya ofisini akiwa sehemu mbalimbali za shule, na mwingine aandike anachosikia. Kila kosa litiwe alama kwenye ramani ya shule. Tukimaliza tutajua ni wapi sauti inapotelea, na fundi akija hatakuwa na haja ya kubahatisha. Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja tu, na inahitaji kalamu, karatasi na masikio.

TAMATI

Mpenzi msomaji, nisikuchoshe. Tumeona kwamba sauti ya simu hizi ni barua 50 kwa sekunde, kwamba huharibiwa na kuchelewa, kuyumba na kupotea, na kwamba dawa yake iko sehemu mbili: nusu katika mitambo na nusu katika kinywa cha msemaji.

Mama hajambo. Mtaji wake ulirudi baada ya muda, kidogo kidogo, kama alivyozoea. Lakini tangu usiku ule ana desturi moja. Nikimpigia simu, hata kama ni kumsalimu tu, kabla ya kukata husema, "Rudia, mwanangu." Nami hurudia. Wakati mwingine nina haraka, kengele ya maandalio imelia na wenzangu wanangoja simu nyuma yangu. Hurudia vivyo hivyo, neno kwa neno, mpaka aseme amesikia.